Mita Inasoma Chini, Nazi Inasoma Juu: utatuzi wa matatizo ya kupima mionzi kwenye atoli za Visiwa vya Marshall

Mwongozo huu ni wa fundi au mwanafunzi aliyeshika kipima mionzi juu ya kisiwa cha matumbawe, akapata namba asiyoielewa, na hajui alaumu chombo, alaumu hali ya hewa au aikubali namba kama ilivyo. Mifano yote ni ya Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Huko Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958, mengi yake kwenye atoli (pete za visiwa vya matumbawe zinazozunguka bahari ya ndani) za Enewetak na Bikini. Bomu la Bravo, lililolipuliwa Bikini tarehe 1 Machi 1954, lilifikia megatani 15, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya waliolitengeneza. Majivu yake ya matumbawe yaliwaangukia watu wa atoli za Rongelap na Utrik wakiwa majumbani mwao.

Kabla hujashika bisibisi, jiulize unatafuta nini. Mionzi ni ya aina tatu hapa: gama hupenya mbali, beta kiasi, alfa huzuiwa hata na karatasi. Siziamu-137 hujionyesha kwa gama ya keV 662 (keV ni kipimo cha nishati). Strontiamu-90 hutoa beta peke yake. Plutoniamu ni alfa. Amerisiamu-241 ni alfa pia, ila ina gama dhaifu ya keV 59.5 inayomsaliti. Hakuna chombo kimoja cha mkononi kinachoona vyote vinne sawasawa na kuvitofautisha, na malalamiko mengi ya "mita mbovu" ni ya watu waliopeleka mita ya gama kwenda kutafuta alfa.

Mita inasoma chini kuliko nyumbani

Mara nyingi hii si hitilafu. Ardhi ya atoli ni matumbawe na mchanga wake, yaani kalsiamu kaboneti. Potasiamu, urani na thoriamu, ambazo kwenye nchi za bara ndizo zinazotoa gama ya ardhini, humo ni haba mno. Kinachobaki zaidi ni mionzi inayoshuka kutoka anga za juu, takriban mikrosiverti 0.03 kwa saa (siverti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwenye usawa wa bahari. Mtu aliyezoea kupima kilima cha Mrima kule Kwale, ambako thoriamu ya mwamba hupandisha namba, akifika Majuro, mji mkuu wa Visiwa vya Marshall, ataanza kubadilisha betri bure.

Tofautisha chini na sifuri. Mita isiyohesabu chochote kwa dakika kadhaa ina tatizo la betri, kebo au volteji. Mita inayohesabu polepole huenda ni nzima kabisa. Namna ya kujua ni kubeba kilo moja ya kloridi ya potasiamu, ile mbolea ambayo wakulima huiita MOP. Kilo hiyo ina takriban bekereli 16,000 (bekereli moja ni atomi moja inayovunjika kwa sekunde) za potasiamu-40 ya asili. Iegemeze kwenye kigunduzi kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi, kwa umbali uleule na muda uleule, kisha andika. Mita yenye dirisha jembamba itapanda waziwazi; ile ndogo ya mfukoni inahitaji dakika 10 au zaidi. Jioni ikisoma tofauti kubwa na asubuhi, vipimo vyote vya siku hiyo vitiliwe shaka, hata vile vinavyokupendeza.

Halafu panda mashua, nenda kwenye bahari ya ndani ya atoli mpaka kwenye kina cha mita kadhaa, upime hapo. Maji huzuia gama ya chini, kwa hiyo unachosoma ni anga pamoja na kelele (hesabu za uongo) ya chombo chenyewe. Namba hiyo ndiyo ya kutoa kwenye vipimo vya nchi kavu. Usiitoe ya ofisini kwako.

Namba inarukaruka

Kama ni mita ndogo inayosoma kwa dakika moja, iache. Mionzi huja kwa bahati nasibu: ukihesabu 100, tarajia kuyumba kwa takriban 10 juu au chini, ukihesabu 10,000, kuyumba ni 100 tu, yaani asilimia moja. Dawa yake ni muda. Weka mita juu ya kigoda, mita moja kutoka ardhini, ukae kando.

Ikiruka kupita kiasi hicho, mshuku kwanza chumvi. Unyevu wa bahari ukiingia kwenye kiungio cha kebo ya volteji ya juu, umeme huvuja, na mita huhesabu uvujaji huo kana kwamba ni mionzi. Tikisa kebo huku ukiangalia kioo. Hesabu ikipanda na kushuka kwa kufuata mkono wako, fungua kiungio, safisha kwa spiriti, kausha vizuri, funga tena, na usiku kihifadhi chombo ndani ya ndoo yenye mfuniko na vifuko vya kukausha unyevu.

Mvua nayo husukumia chini mabaki ya radoni yaliyoko hewani, na namba hupanda kisha hushuka yenyewe ndani ya saa moja au mbili. Lakini katikati ya Pasifiki radoni ni kidogo. Saa tatu zikipita na namba haijashuka, usiisingizie mvua.

Adhuhuri inapanda, kivulini inashuka

Kwa kipimaji cha alfa, jibu liko karibu kila mara mahali pamoja: ile karatasi nyembamba yenye alumini iliyofunika dirisha ina tundu. Jani la mkadi limeichoma, au mchanga. Mwanga wa jua unaingia, na chombo kinauhesabu. Kifunike kwa kitambaa cheusi; hesabu zikianguka, umeshampata mwizi. Badilisha karatasi. Kipande cha utepe mweusi kitakuokoa kwa siku hiyo, ila sehemu iliyozibwa haisomi alfa tena, na hilo lazima liandikwe.

Kwa kigunduzi cha fuwele ya iodidi ya sodiamu mambo ni tofauti. Joto huhamisha vilele, yaani nundu za grafu ya nishati zinazotambulisha kila chanzo, na siziamu iliyokuwa keV 662 asubuhi inaonekana mahali pengine mchana. Kwingineko duniani fundi husawazisha kwa kilele cha potasiamu-40, keV 1461, kwa kuwa kiko kila penye udongo. Juu ya matumbawe hakipo, au ni hafifu mno, na programu inayojirekebisha yenyewe kwa kukitafuta kilele hicho itatangatanga. Rudi kwenye kifuko chako cha MOP: kiweke chini ya kigunduzi, rekebisha, kiondoe, ndipo upime.

Mita iko chini, lakini nazi iko juu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Umepima kijiji kizima, gama ni ndogo, umeandika kwamba pako shwari. Kisha maabara inarudisha majibu ya nazi, na siziamu imo kwa wingi usiolingana na udongo. Watu wa kwanza kulaumiwa huwa maabara. Wasilaumiwe.

Chanzo ni udongo. Mmea hauwezi kutofautisha sawasawa siziamu na potasiamu. Unapoitafuta potasiamu kwa njaa, unanyonya na siziamu. Kwenye udongo wa mfinyanzi, chembe za mfinyanzi huishika siziamu isitoke. Matumbawe hayana mfinyanzi, na potasiamu yake ni kidogo, kwa hiyo mnazi una njaa na mlango uko wazi. Kwa strontiamu ni kinyume: hiyo hufanana na kalsiamu, na kalsiamu huko imejaa tele, kwa hiyo mmea unaishiba kabla ya kuifikia strontiamu. Ndiyo maana katika atoli hizi siziamu ya chakulani ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya dozi, na ndiyo maana kupima hewa ya juu ya uwanja hakutoshi.

Bikini ilishalipa gharama ya somo hili. Wenyeji walihamishwa Machi 1946, wakaambiwa mwaka 1968 kwamba kisiwa kinakalika, na familia zikaanza kurudi miaka ya mwanzo ya 1970. Minazi mipya iliyopandwa ilipoanza kuzaa, siziamu ndani ya miili ya watu ikapanda mwaka hadi mwaka. Agosti 1978 zaidi ya watu 100 wakaondolewa tena. Kilichokuwa pungufu ni hesabu ya chakula.

Kwa hiyo ukiona dalili hii, fanya hivi. Chukua sampuli za vitu vinavyoliwa kweli: dafu, nazi iliyokomaa, mbata, tunda la mkadi, shelisheli, uwanga, na kaa mkubwa wa minazi, huyuhuyu anayepatikana Chumbe kule Zanzibar. Kaa huyu hula nazi na matunda yaliyoanguka na kukusanya siziamu mwilini. Strontiamu hukusanyika kwenye gamba lake. Kisha kaa na akina mama wanaopika, uulize kinacholiwa kwa wiki na kwa kiasi gani, na wali wa dukani unachukua nafasi gani. Bila swali hilo, bekereli kwa kilo ni namba isiyo na mwili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nazi ina bekereli 1,000 za siziamu kwa kilo, na mtu mzima anakula kilo 100 kwa mwaka. Hizo ni bekereli 100,000. Kila bekereli ya siziamu-137 inayomezwa na mtu mzima huhesabiwa siverti 0.000000013, kwa hiyo jumla ni milisiverti 1.3 kwa mwaka, juu ya kikomo cha milisiverti 1 kinachotumika kimataifa kwa umma. Mtu yuleyule akila kilo 10, ni 0.13. Mnazi ni uleule na mita ni ileile. Kilichobadilika ni sahani.

Tiba imeshajaribiwa na inafanya kazi. Watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani walimwaga kloridi ya potasiamu kwenye mashamba ya minazi ya Bikini, na siziamu ndani ya nazi ikashuka hadi takriban asilimia 5 hadi 10 ya ile ya awali. Mnazi ulioshiba potasiamu hauihitaji siziamu. Rongelap nako mbolea hiyo ilitumika, na kuzunguka nyumba udongo wa juu ulikwanguliwa na kuwekwa matumbawe yaliyosagwa. Kwa hiyo ukipima nazi ikawa chini kuliko jirani yake wa hatua hamsini, uliza kwanza kama shamba hilo liliwekewa mbolea, na lini.

Nazi mbili za mti mmoja, majibu mawili

Angalia lebo. "Nazi" haitoshi, dafu ni maji kwa sehemu kubwa, nazi kavu ni mafuta na nyama, mbata imekaushwa. Bekereli zilezile zikigawiwa kwa kilo mbichi na kwa kilo kavu hutoa namba mbili zilizo mbali sana. Andika hatua ya tunda, uzito kabla ya kukausha na uzito baada ya kukausha.

Kwa udongo, tatizo ni kina. Mmoja kachota sentimita 5 za juu, mwenzake kachimba 30 na kuchanganya. Chukua kwa tabaka, anzia juu kwenda chini, usafishe kijiko kati ya tabaka na tabaka. Na usichote njiani au karibu na nyumba ukadhani umepima kisiwa. Huko udongo umeshafagiliwa, umekanyagwa au umebadilishwa.

Majibu hayafanani na majedwali ya zamani

Siziamu-137 ina nusu-maisha (muda wa kupungua kwa nusu) ya miaka 30, na tangu Bravo zimeshapita nusu-maisha mbili na kitu. Wengi huchukua namba ya zamani, wakaipunguza kwa kanuni hiyo, wakashangaa kwamba ya sasa iko chini zaidi. Mvua ndiyo sababu. Huiosha siziamu kutoka kwenye mizizi hadi maji ya chini ya ardhi na baharini, na tafiti za Marshall zimeona kwamba ndani ya mimea hupungua kwa nusu katika takriban miaka 8.5.

Amerisiamu inaweza kukushangaza kwa upande wa pili. Iko zaidi ya jedwali la zamani, na hakuna aliyeileta. Plutoniamu-241, yenye nusu-maisha ya miaka 14, imekuwa ikigeuka kuwa amerisiamu-241 miaka yote hii.

Runit: kipimaji cha alfa hakioni kitu

Runit ni kisiwa cha Enewetak ambako kati ya 1977 na 1980 udongo na takataka zenye mionzi zilimwagwa ndani ya shimo la bomu la Cactus la 1958, kisha likafunikwa kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46. Mtu hufika pale akitarajia chombo kilie, nacho kinakaa kimya.

Alfa husafiri sentimita 4 hivi hewani, na karatasi moja inaizuia. Umande unaizuia. Mchanga wa unene wa ukucha unaizuia. Plutoniamu iliyo chini kidogo ya uso haitaonekana kabisa na kipimaji cha alfa, hata ukikitambaza siku nzima. Tafuta amerisiamu badala yake, kwa kigunduzi chembamba kilichotengenezwa kwa gama dhaifu, ukilenga keV 59.5. Hata hiyo haipenyi mbali ardhini, lakini itakuonyesha ulipo umuhimu wa kuchota sampuli. Na chembe zenyewe hazikutawanyika kama unga: hatua moja hakuna kitu, inayofuata ipo. Tembea kwa mistari iliyobanana, tena polepole.

Ukipima maji ya visima vya karibu na kuba na yakabadilika asubuhi na jioni, usikimbilie kuandika kwamba kuba limepasuka. Chini ya shimo lile hakuna sakafu ya zege, na maji ya ardhini hupanda na kushuka na bahari. Andika saa na hali ya maji, bamvua au maji mafu, yanajaa au yanakupwa, kwenye kila chupa. Bila hayo huwezi kulinganisha chupa mbili. Kumbuka pia kwamba plutoniamu iliyomo kwenye tope la chini ya bahari ya ndani ya Enewetak ni nyingi kuliko iliyofunikwa na kuba; maji ya ufukweni yakiwa nayo, kuba si mtuhumiwa pekee.

Samaki wana alfa nyingi

Kipimo cha jumla cha alfa hakibagui. Samaki wa bahari yoyote wana poloniamu-210 ya asili, na kwa watu wanaoishi kwa samaki, kama Wamarshall, hiyo ni sehemu kubwa ya dozi yao ya asili. Omba maabara itenganishe poloniamu na plutoniamu kabla hujamtisha mvuvi.

Kiti cha kupimia mwili kinaonyesha siziamu kwa mtu mmoja tu

Mwambie aoge, abadilishe nguo, arudi. Mchanga wa kwenye pindo la suruali umewahi kuonekana kama siziamu ya tumboni. Ikibaki, uliza alichokula, hasa kaa wa minazi na nazi za visiwa vya kaskazini vya atoli. Kwa mtu mzima siziamu hutoka mwilini kwa nusu katika takriban siku 110, kwa watoto haraka zaidi, kwa hiyo kipimo cha pili baada ya miezi mitatu au minne kinasema mengi: kikishuka ipasavyo, ilikuwa mlo, kisiposhuka, bado anakula kitu ambacho hujakipima.

Vipimo viko sawa, wenyeji hawaviamini

Hii nayo ni hitilafu ya kutatuliwa, na chanzo chake hakiko kwenye chombo. Watu wa Rongelap waliambiwa 1957 warudi, wakarudi, wakaishi juu ya udongo ule, na 1985 waliomba wenyewe wahamishwe. Meli Rainbow Warrior ya Greenpeace ikawapeleka kisiwa cha Mejatto. Tangu 1954 walikuwa wakichunguzwa na madaktari wa Marekani chini ya mradi ulioitwa 4.1. Mtu mwenye historia hiyo akikuuliza "nani kakutuma?", hajakosa adabu.

Usichimbe bila ruhusa ya alap, msimamizi wa ardhi wa ukoo. Kila kipande kina mwenyewe. Kila sampuli igawe mara mbili, nusu moja ibaki kwa wenyeji, waipeleke maabara wanayoitaka wao. Toa majibu kwa chakula na kwa familia, kwa lugha yao, na uonyeshe hesabu ghafi pamoja na namba ya mwisho.

Halafu sema ni kikomo gani unachotumia. Timu mbili zinaweza kupata milisiverti 0.4, moja ikasema salama na nyingine ikasema si salama, na zote zikawa hazikukosea kupima: ya kwanza imetumia milisiverti 1 kwa mwaka, ya pili imetumia 0.15, kiwango ambacho Mahakama ya Madai ya Nyuklia ya Visiwa vya Marshall ilikichukua kwa usafishaji. Andika kikomo hicho juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la aliyekichagua.